Kikishapata Jina

"Toa na kitanda. Toa kila kitu, hulali hapa leo."

"Kitanda utakitoa wewe? Kwa mgongo gani? Huo unaolia ukibeba ndoo ya maji?"

"Wewe mwanamke, umemuua kaka yangu na bado una mdomo."

"Mdomo nimezaliwa nao. Kaka yako mwenyewe alikuwa akivuka huu ua kila siku kuja kuusikiliza."

Hapo ua mzima ukasogea karibu. Watu walikuwa wamejaa kama wa harusi: waliopanga vyumba vya mbele, waliopanga vya nyuma, na wengine ambao hawakupanga popote ila wamesikia kuna kelele. Cherehani ya Fundi ilikuwa imelala ubavu karibu na bomba, uzi mwekundu umejifungua mpaka kwenye tope. Mdogo wa marehemu alisimama mbele yake, shati limechomoka kwenye suruali, uso umelowa na huwezi kujua jasho ni lipi na chozi ni lipi. Fundi naye alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, pini zimechomekwa kwenye kola ya gauni, anamtazama kijana wa watu kama nguo iliyokatwa vibaya.

"Poleni," sauti ikasema kutoka langoni.

Watu wakapisha. Huyo alikuwa Afande Pole, mama mnene kiasi, viatu vya chini, mkoba begani. Jina alipewa na mtaa kwa sababu hajawahi kuuliza swali bila kutanguliza pole. Wanasema hata mwizi wa kuku alipewa pole kwanza, pingu baadaye.

"Afande, mchukue huyu," mdogo wa marehemu akasema. "Hospitali wameshasema. Ni sumu ya kiazi. Na bakuli la viazi vya porini lilitoka kwake, ua mzima ulimwona akimpa shemeji yangu juu ya ukuta. Unasubiri nini?"

"Nasubiri kuelewa, mwanangu. Pole. Hebu inua kwanza hiyo cherehani, mafuta yanamwagika."

Hakuinua. Lakini alisogea pembeni, na kwa siku ile hilo lilikuwa jambo.

Marehemu alikuwa mtu wa kila mtu. Walimwita Bwana Majina. Alifanya kazi katika ofisi inayoyapanga majina ya vyakula, maana mmea mmoja huku wanauita hivi, ng'ambo ya mto wanauita vile, na muuguzi, mpishi wa shule na mwenye duka wakizungumza, kila mmoja anamaanisha kitu chake. Ofisi yake ilikuwa inakaa na kukipa kila chakula jina moja na kundi moja: hii nafaka, hii kunde, hii mboga ya majani, hiki kiazi. Kazi yake yeye ilikuwa kuonja na kueleza. Wiki iliyopita alirudi kutoka kukusanya majina sokoni, akala, akaanza kutapika, akashikwa na degedege, na kabla gari halijapatikana akawa ameshaondoka. Waliokuja kulia walifanya wanavyofanya wema wote: waliosha vyombo. Bakuli likaoshwa, sufuria ikaoshwa, na ushahidi ukaenda na maji ya sabuni.

Afande Pole akaingia kwa Fundi na kufunga mlango. Macho ya ua mzima yakabaki yameganda kwenye ubao wa mlango.

"Pole, dada. Viazi vyako ulivipika vipi?"

Fundi alimpeleka jikoni. Chini ya meza kulikuwa na ndoo iliyofunikwa, jiwe juu. Ndani vipande vyembamba vimelala kwenye maji ya chumvi.

"Kwetu hivi hatuvili hivi hivi," akasema. "Unamenya, unakata vyembamba, unaloweka. Maji unabadilisha asubuhi na jioni mpaka yawe safi. Ukikosa subira, kula ugali. Nilivyompelekea vilikuwa vya ndoo ya kabla ya hii." Akatoa sufuria ndogo iliyokuwa jikoni, akachota kipande kilichoiva, akakitafuna mbele ya afande bila kupepesa. "Unaona? Kinabaki kiuchungu kidogo tu. Kama mgeni ambaye ameshaaga lakini bado amesimama mlangoni anakuelezea habari za shangazi yake."

Afande Pole alitabasamu bila kutaka.

"Na Bwana Majina alikuwa anakuja kwako kila siku kufanya nini?"

Uchangamfu wa Fundi ukazima.

"Kuzungumza."

"Watu wanasema alikuwa anakuja na kikombe chenye kifuniko. Chakula cha mkewe ndani."

"Watu wana macho mazuri."

"Dada, pole, lakini hilo ndilo wanalokuhukumia. Wanasema mlikuwa na jambo lenu, akataka kuliacha, ukamlisha. Nikitoka hapa bila jibu, jioni utalala barabarani. Au kwangu, rumande."

Fundi alirudisha jiwe juu ya ndoo. "Niliahidi mtu," akasema. "Na mtu mwenyewe sasa hawezi kunifungua ahadi. Niache tu, afande. Nilale popote."

Afande Pole amewahi kuwasikia wauaji wengi. Wengi wao husema sana.

Nyumba ya marehemu ilikuwa ukuta mmoja na hii. Mjane alikuwa jikoni, kanga kichwani, shavu la kushoto limevimba kama ameficha embe. Alikuwa amekaa juu ya kigoda akitazama jiko ambalo halijawashwa.

"Pole, mama. Hilo shavu?"

"Jino. Niling'oa siku ile ile." Alisema siku ile ile bila kuinua macho. "Ndiyo maana hata sikula naye. Nilikunywa maji tu. Daktari alinichoma ganzi, mdomo mzima ukawa si wangu."

Hakula naye. Afande Pole aliliweka neno hilo mahali pake kichwani. Mke mwenye wivu, mume anayevusha chakula kwa jirani, na jioni ile ile mke hali. Kesi zimefungwa kwa vichache kuliko hivyo. Akazunguka jikoni polepole. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na mizizi, mbegu kwenye chupa, majani yaliyokauka, kila kimoja kimefungiwa kibandiko cheupe kwa uzi. Chini, kapu kubwa limebaki tupu.

"Hivi vya juu ni vya nini?"

"Vya kazi yake. Vyeupe bado wanavibishania ofisini, haviguswi. Wakimaliza, vinarudi na kibandiko cha kijani, navitia kapuni na kupika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo tulipooana. Alikuwa ananitania, anasema, mke wangu, kikishapata jina kinaingia kwenye sufuria." Akacheka kidogo, kisha shavu likamuuma, akaacha. "Tumekula vitu humu, afande. Vingine hata mama yangu angenikana."

"Na siku ile ulipika nini?"

"Mchuzi tu. Wa kawaida. Niliponda kila kitu kikawa laini, nikifikiri na mimi nitaweza kumeza kidogo. Nilionja chumvi, sikusikia kitu, kwa ile ganzi." Akavuta kanga kichwani. "Yeye alimaliza sahani. Aliifuta na mkono. Akasema, tamu. Halafu ndipo akala bakuli la yule."

Nyuma ya jikoni kuku watatu walikuwa wanaparua lundo la takataka. Afande Pole alichuchumaa, magoti yakalia. Maganda ya vitunguu yalikuwa yamechakurwa, majani ya mboga yameliwa yakabaki mishipa. Katikati kulikuwa na maganda meusi mazito yenye vinyweleo, yamekauka, hakuna aliyeyadonoa. Kuku walikuwa wanapita juu yake kama watu wanavyompita mdai. Chini ya ganda moja kulikuwa na uzi, na mwisho wa uzi kibandiko cha kijani. Juu yake neno moja limeandikwa kwa mwandiko safi wa ofisi: ndiga.

Alikwangua upande wa ndani wa ganda kwa ukucha, akagusa ncha ya ulimi. Kwanza hakuna kitu. Kisha moto. Akatema, akatema tena, akasimama na kupangusa mdomo kwa kitambaa. Hakugeuka kuangalia dirisha la jikoni.

Mpaka anafika ofisini kwa Bwana Majina, mchana, ulimi ulikuwa bado unawaka, na alikuwa ameshakunywa maziwa dukani. Njia nzima alikuwa anajiuliza swali moja. Mke alikuwa na ganzi, sawa. Lakini mume? Mtu hamalizi sahani yenye moto ule, hata ukimpenda mpishi vipi. Anakula kijiko kimoja, anasema, mama, leo kuna nini? Bwana Majina, ambaye alilipwa mshahara kwa ajili ya ulimi wake, alikula yote na kufuta sahani kwa mkono. Ama alijua na alitaka kufa. Ama kuna la tatu.

Katibu wa jopo lililopanga majina alikuwa kijana mwembamba, tai imelegea. Kwenye meza ndefu kulikuwa na trei za mbegu, na kiti kimoja kimeegemezwa mezani ili mtu asikikalie.

"Kibandiko hiki ni chako?"

Alikipokea, akakaa bila kuambiwa.

"Mwandiko wangu. Nilimrudishia sampuli yake siku ile asubuhi. Alikuwa sokoni, kwa hiyo dereva akapeleka nyumbani. Kwa nini?"

"Kijani maana yake nini, mwanangu? Pole, nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Maana yake ni chakula. Watu wanakila, kina jina, kina kundi. Hiki ni ndiga, kundi la viazi."

"Hata kama kinaua usipokiloweka?"

Katibu alivua miwani. "Hapo ndipo tulipogombana naye. Yeye alitaka maandalizi yaingie kwenye kundi lenyewe. Kuwe na viazi vya kupika na viazi vya kuloweka, na kibandiko chake cha rangi nyingine. Alisema kuna vyakula ambavyo kuviandaa ndiko kunavifanya vyakula, kabla ya hapo ni mmea tu. Sisi tukasema kibandiko kijibu swali moja, watu wanakula au hawali, mengine yatafuata. Tulipiga kura. Alibaki peke yake na mkono wake juu." Akavaa miwani, akavua tena. "Lakini yeye alijua, afande. Hata angekikuta mezani asingekigusa. Mimi sikujua kwamba nyumbani..."

"Hukujua. Hawakukwambia." Afande Pole alikichukua tena kibandiko. "Alikuwa mwonjaji mzuri?"

"Zamani alikuwa mzuri. Hii miezi ya mwisho alikuwa wa ajabu. Baada ya ile homa iliyomlaza, tulidhani atapungua, kumbe ndiyo kwanza. Zamani angesema, chungu kiasi. Siku hizi? Alituletea tunda moja la porini akasema lina uchachu wa binamu aliyenyimwa mwaliko. Mlenda mmoja akasema unateleza kama mpangaji mwisho wa mwezi. Jopo zima tulikuwa tunacheka mpaka tunafuta machozi. Na hii ndiga yenyewe, ikishalowekwa, alisema uchungu unabaki kama mgeni aliyeaga lakini bado..."

"...amesimama mlangoni," Afande Pole akamalizia.

Katibu alishangaa. "Alikuwa amekueleza?"

"Hapana," akasema. "Aliyeeleza yuko hai."

Jioni ua ulikuwa umepungua watu. Wenye kazi walikwenda kazini, wenye njaa walikwenda kupika. Cherehani ilikuwa bado imelala. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa kwenye tofali karibu nayo, amechoka kuwa na hasira lakini hajui aiweke wapi. Fundi alikuwa kizingitini, amekumbatia furushi la nguo za wateja.

Afande Pole aliketi kando yake, hapo hapo kizingitini.

"Alipoteza ulimi tangu ile homa," akasema. "Siyo?"

Fundi alifumba macho. Ilikuwa kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Hakusikia kitu," akasema taratibu. "Chumvi, sukari, pilipili, vyote kwake vilikuwa pamba. Angesema ofisini, wangempa barua ya kwaheri. Mwonjaji asiyeonja ni wa nini? Basi alikuwa ananiletea vitu vyake naonja mimi, namweleza, anakwenda kusema. Mimi sijasoma hayo, afande, nina domo tu. Alikuwa anacheka. Mtu ambaye hata chai kwake ilikuwa maji ya moto, alikuwa anakaa hapa anacheka."

"Na kikombe?"

"Kikombe kilikuwa cha mkewe. Hakutaka ajue. Alisema mke wangu anapika kwa moyo, nikimwambia sisikii kitu ataacha kupika. Kwa hiyo kabla ya kula, anachota kidogo, analeta. Naonja. Namwambia, leo ameweka tangawizi, msifu kwa tangawizi. Leo kitunguu kimeungua kidogo, nyamaza. Anarudi, anakula, anasifu, na hakosei." Akapangusa pua kwa kiganja. "Siku ile nilitoa bakuli langu juu ya ukuta, nikaenda kupeleka nguo za bibi harusi. Nimerudi nimekuta kikombe hapa mlangoni. Alikiacha. Hakuweza kunisubiri. Mkewe ameng'oa jino na bado amesimama jikoni, atamwachaje na sahani mezani?"

"Kiko wapi?"

Fundi aliingia ndani. Alirudi na kikombe cha bati chenye kifuniko cha buluu, kimefungwa kwenye kitambaa. Ndani mchuzi ulikuwa umekauka na kuota ukungu.

"Nilisikia makelele, nikatia kidole. Kidole tu. Nikajua." Sauti ikamshuka. "Ningekuwa nyumbani, ningekijua kabla hajakaa mezani."

"Hiki kingekuokoa tangu siku ya kwanza, dada. Umekaa nacho wanakutupia vyombo nje?"

"Ningekitoa, wangejua sufuria ilikuwa ya nani. Mimi wakinifukuza, nina cherehani, nitashona mtaa mwingine. Yule wangemfukuza kutoka wapi? Kutoka kwenye mikono yake mwenyewe?"

Tofali liligonga chini. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama. Lakini hakuwa anamtazama Fundi. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, kwa sababu shemeji yake alikuwa ametoka na amesimama pale, kanga imemteleza mabegani, shavu limevimba, macho kwenye kifuniko cha buluu.

"Nilikuwa nakitafuta hicho kikombe," mjane akasema.

"Alikisahau kwangu," Fundi akasema haraka. "Siku nyingi. Nilisahau kukirudisha, unanijua."

"Nimesikia, dada. Nipo ukutani tangu mlipoanza." Akamgeukia Afande Pole. "Na nilikuona asubuhi pale nyuma. Ulilamba ganda, ukatema. Tangu ulipotema nimekaa naliangalia jiko. Kile cha kijani, siyo?"

Afande Pole alifungua mdomo. Lile neno lake, ambalo halijawahi kumpiga chenga mbele ya jambazi wala mkubwa wake wa kazi, halikuja.

"Ni ajali, mama," akasema mwishowe. "Ndivyo nitakavyoandika. Kibandiko kilisema ni chakula, na sheria ya nyumba yenu mliijua wawili. Hakuna aliyekosa ambaye naweza kumfunga."

"Alisema tamu." Mjane hakuwa anamsikia. "Kila siku alisema tamu. Mimi nilikuwa najiambia, huyu mtu anavuka na chakula changu kwenda kucheka na mwanamke mwingine. Nilikuwa nanuna, nazidisha chumvi makusudi. Na yeye anasema tamu."

"Ile ya chumvi nilimwambia," Fundi akasema. "Nilimwambia, leo amekasirika, mpelekee ua."

"Alileta ua." Mjane alikaa chini pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele kama mtoto. "Lilikuwa limenyauka. Nikacheka."

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Mdogo wa marehemu alikwenda mpaka kwenye cherehani, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua. Ilikuwa nzito kuliko alivyotegemea. Akaifuta tope kwa pindo la shati lake, akaanza kukunja ule uzi mwekundu taratibu, kichwa chini, asimtazame mtu.

"Shemeji," Fundi akamwambia, "huo uzi umeshaharibika, acha."

Hakuacha.

Afande Pole alikifunga kikombe kwenye kitambaa chake na kukitia mkobani. Angekwenda nacho maabara, halafu angerudi ofisini kwa yule kijana wa tai, kumwambia kwamba ule mkono uliobaki peke yake juu ulihitaji kura nyingine. Hayo yalikuwa ya kesho. Alisimama, lakini hakuondoka.

Fundi alishuka kizingitini, akachuchumaa mbele ya mjane, akamrudishia kanga begani.

"Umekula nini tangu tuzike?"

"Sijala. Watu wameleta, wamerudisha. Nikiona sufuria, naigeuza ukutani. Nikiona sahani naiona ya kwake imefutwa." Akatazama viganja vyake. "Sidhani kama nitapika tena."

"Nani amekuambia upike? Mimi nimepika. Wali na maharage, hakuna kitu cha jopo humo. Nitaanza kula mimi, wewe utanitazama mpaka utosheke." Akamshika kiwiko, akamwinua polepole. "Na shemeji, osha mikono uje. Afande, na wewe, huo mkoba uweke, hauendi popote."

Mjane alisimama mbele ya mlango ule ambao hakuwahi kuuvuka. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mmoja nje.

"Sina hamu, dada. Sijui hata kama nitasikia ladha."

"Mimi pia ulimi wangu leo hauko sawa," Fundi akasema. "Ingia tu. Utaonja, halafu utaniambia kimekuwaje."